Gemu za Faizal Haziuziki

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Arobaini imepita jana. Masufuria ya watu nshayarudisha yote. Leo nyumba ina mtu mmoja tu, mimi. Na mvua.

Daftari hili ni la masjala ya mahakama. Nililichukua siku nilostaafu, tupu kabisa, sikujua nitaandika nini. Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri kwenye karatasi za watu. Haya, sasa yangu mwenyewe.

Nimefungua chumba cha Faizal. Mdogo wangu, miaka arobaini na sita. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, akafariki siku ya tatu ya Ramadhani, kabla ya adhana ya alasiri. Kazi yake kutengeneza kompyuta za watu, pale pale kwenye meza ya dirishani. Starehe yake gemu. Ngazi zetu hapa Kiponda zina vipandio thelathini na nane, na miaka miwili ya mwisho alikuwa hashuki ila kwenda kwa daktari. Basi akakaa na TV yake, na mashine yake ya gemu, na ile pedi ya kuchezea mkononi. Nikimpitishia chai namwambia, Faizal, mtu mzima wewe! Anacheka tu.

Dada yetu mkubwa, Sultana, kapiga simu kutoka Toronto. Ati niuze vitu, nifunge nyumba, niende kwake. Utakaa na nani humo? Nikamwambia mvua inapiga bati, sisikii.

Nilikuwa nasikia.

Jumatano, 16 Aprili

Kaja Mabrouk, yule mwenye duka la gemu Michenzani. Walikuwa wakijuana na Faizal kwa biashara. Kapanda ngazi zote kashika kifua. "Shikamoo Bi Kaniz. Pole sana. Alikuwa akiishije huku juu?" Nikamtolea gemu za Faizal azinunue.

Sidii sitini na moja. Kazikagua moja moja, anaipangusa kwa shati, anaielekeza dirishani kutazama michirizi. Moja kaishika akacheka — "Hii ilikuwa yangu! Nilimuuzia mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. Na mimi niliinunua kwa mtu wa Bububu, na yeye aliinunua kwa mgeni mmoja hotelini." Mikono minne! Na bado inacheza.

Kachukua zote, kalipa pale pale. Kisha kawasha mashine. Kwenye TV zikatokea picha, safu kwa safu. Gemu nyingine mia mbili na kumi na mbili, zimo ndani, hazina sidii. Nikamwambia, basi na hizo chukua.

Kacheka. Kisha kaona mimi sicheki.

"Hizo haziuziki, Bi Kaniz."

"Kwa nini? Nilikuwa namwona akilipa. Kwa kadi yake."

"Kalipa, ndiyo. Lakini hakuuziwa. Kapewa ruhusa ya kucheza. Sidii unaishika mkononi, ukitaka unaiuza, unaigawa, unaivunja. Hizi ziko kwa kampuni. Yeye alikuwa na akaunti tu."

Mwenyewe analalamika. Anasema watu sasa wananunua hewa, dukani kwake mwezi mzima haziingii hata sidii kumi mpya.

Mlangoni kageuka, kashusha sauti. Kama nnataka, nimpe mashine pamoja na neno la siri. Jina libaki Faizal vile vile. Yeye atakuwa Faizal. Tunyamaze, nani atajua?

Nikamwambia nitafikiri. Lakini nilisikia baridi hasa. Mtu mwingine akae humo aitwe Faizal!

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeusoma mkataba. Wote! Uko ndani ya mashine hiyo hiyo, kwa Kiingereza, unausukuma chini kwa kidole gumba na hauishi. Nimekaa tangu saa nne asubuhi mpaka adhuhuri. Nimeona hati nyingi maishani mwangu, hati za nyumba, za mashamba, za talaka. Sijaona karatasi yenye maneno mengi namna hii kumpa mtu kidogo namna hii.

Kifungu cha nne. Hakuna kilichouzwa hapa. Umepewa leseni. Leseni ni ya mtu binafsi. Haiuziki, haikodishwi, haitolewi zawadi, haihamishwi kwa mtu mwingine kwa njia yoyote.

Lakini kule dukani mwao, chini ya kila picha, kuna kitufe. Nimekitazama vizuri, nikavaa na miwani. Kimeandikwa: Nunua.

Basi nami nikafanya nilivyozoea. Nimewaandikia kampuni. Barua ya adabu, kwa Kiingereza changu cha masjala: mimi Kaniz, dada wa marehemu, mrithi mwenzangu ni dada yetu Sultana, naye amekubali, naomba akaunti ihamishiwe jina langu. Nimepiga picha cheti cha kifo, nikakiambatisha.

Nimeona raha kidogo. Jambo limeandikwa, limekwenda.

Jumapili, 20 Aprili

Nimeingia.

Nilitaka tu kuona hicho nilichokiomba. Mashine ikaandika, Karibu tena, Faizal. Gemu ya mwisho alocheza, tarehe tatu Machi. Siku moja kabla.

Ni kisiwa. Kidogo, kina minazi, kina konde, kina gati la mbao. Kijana mwenye kofia nyeupe kasimama, anangoja. Nimebonyeza, kaenda. Nimebonyeza zaidi — anakimbia! Katikati ya kisiwa kuna nyumba. Ghorofa tatu, madirisha ya buluu, na mlango wenye njumu za shaba. Nyumba yetu! Mpaka ule ufa wa juu ya roshani kautia. Ngazi nimezihesabu, thelathini na nane. Kijana kazipanda zote mbio, kafika juu, hata hakupumua.

Pedi nikaiweka chini kwanza.

Nilipoishika tena nikaingia chumba kwa chumba. Chake. Jiko. Changu! Kabati langu la kijani, redio, mkeka wa kusalia umekunjwa kama ninavyoukunja mimi. Hakunionyesha hata siku moja. Na mimi sikuuliza hata siku moja.

Mara mlio, na maneno kwenye TV: Kheir yuko gatini, anaomba kuingia. Nikabonyeza bila kujua ninachobonyeza. Akaja mtu wa shati jekundu, ananirukia kwa furaha, na maneno yanapanda chini kwenye TV, kwa Kiswahili cha kwetu!

Fezo! Ulikuwa wapi wewe? Tangu Ramadhani kuingia mlango umefungwa. Nikasema labda mwaka huu umefunga na gemu!

Nilipaswa kusema. Kuandika kwa pedi unatafuta herufi moja moja kama unachambua mchele. Nimetafuta M, nikatafuta A. Nilitaka kuandika marehemu. Nikaandika, Maradhi.

Akasema, pole ndugu yangu. Alhamdulillahi umerudi.

Nimezima.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeingia tena. Kwa heshima tu, nijue ni nani huyu.

Kheir ni mtu wa Tumbatu, wa Jongowe. Yuko Maskati, anafua mashuka ya hoteli, zamu ya asubuhi. Baada ya alasiri yuko huru. Chumba kimoja wanaume sita, kila mtu na lugha yake. Yeye na Faizal wamekijenga kisiwa hiki kwa miaka sita. Hawajaonana uso kwa uso. Hana namba yake ya simu, hakupata kuiomba. Kisiwa kiko kwenye akaunti ya Faizal, Kheir hawezi kuingia ila Faizal awepo.

Yote haya nimeyapata kwa kuuliza kijinga, naye akadhani namtania.

Tumemwagilia tungule kondeni, zile nyanya ndogo. Akaniambia, mbona unatembea kama bi harusi? Nikamwandikia, dawa.

Nimecheka peke yangu chumbani. Sauti ikanishtua.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku nne mfululizo. Napika mapema, nasali alasiri, nakaa. Kheir hueleza kutwa yake, msimamizi wake, joto, mashuka mia nne. Hakuna aliyenieleza kutwa yake tangu Machi.

Kesho nitamwambia. Kesho lazima.

Jumamosi, 26 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Nimeingia nia yangu ni kumwambia. Kabla sijaandika neno, Kheir akauliza: dada yako umeshamwambia ile habari?

Nikaandika, ipi.

Akasema, acha mzaha. Ya Kanada! Ulisema Ramadhani hii utamweleza.

Nikaandika tena, ipi.

Akaona labda maradhi yamenisahaulisha. Basi akanikumbusha mwenyewe, polepole, kama mtu mwema. Kwamba Sultana alimpatia Faizal karatasi za kwenda kutibiwa moyo, mara mbili. Mwaka wa kumi na mbili na mwaka wa kumi na tisa. Daktari wa kule alisema operesheni inawezekana. Tiketi ya mtu mmoja. Na mara zote mbili Faizal akakataa, akamkataza Sultana asiniambie.

Wewe mwenyewe uliniambia, kaandika Kheir. Ulisema: Nikenda mimi, Kaniz atakula na nani?

Sijui nilizima saa ngapi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimempigia Sultana. Nikamuuliza, kweli? Akasema, "Aliniapisha, Kaniz. Kwa mama aliniapisha."

Nikamwambia, ungevunja kiapo, ukafunga siku tatu za kafara! Akalia. Mimi sikulia. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Hakuna wa kumwambia hili, basi naliandika. Mwaka wa kumi na moja alikuja kuniposa Qasim, mjane wa Mombasa, mtu mpole, mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa na miaka arobaini na tano. Nilimtaka. Nikamwambia hapana, kwa sababu ningehamia Mombasa, na Faizal nani atamtazama? Faizal nikamwambia simpendi yule bwana, ana pua kubwa. Tukacheka pua ya Qasim mwaka mzima.

Miaka kumi na minne tumekaa meza moja. Mimi najiona nimebaki kwa ajili yake. Na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimwonyesha kwa uso kwamba nimebaki kwa ajili yake. Vishindo vya sahani. Ninavyoweka chai.

Yeye akichukua chai, anasema ahsante dada.

Angepona?

Jumatatu, 28 Aprili

Jibu la kampuni limekuja.

Wanatoa rambirambi. Kisha: akaunti haihamishiki kwa mrithi. Kwa kuwa nimewathibitishia kifo cha mwenye leseni, leseni imefikia mwisho wake. Akaunti na vyote vilivyomo vitafungwa Jumamosi tarehe 10 Mei, saa sita mchana kwa saa zetu. Nimepiga hesabu ya saa mara mbili. Kilichofungwa hakirudi.

Cheti nilikipeleka mwenyewe! Kwa mkono wangu. Na picha nilihakikisha muhuri unasomeka.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda Michenzani kwa Mabrouk na mvua yangu. Duka lake liko chini ya yale majumba ya ghorofa, sidii za Faizal keshazipanga kabatini mbele, zinang'aa. Mtu wa makamo anachagua moja, anamtafutia mkewe, ati mkewe ndiye mchezaji. Kainunua, kaitia kwenye mfuko wa mkate. Basi! Imekwenda. Hakuna kifungu cha nne.

Mabrouk nimemsomea barua ya kampuni. Kakamata kichwa. "Umewaandikia? Bi Kaniz! Ungenyamaza tu. Watu wote hunyamaza."

Nikamwambia sikujua kwamba kusema kweli ni kosa.

"Si kosa," akasema. "Lakini mkataba ule hautaki maiti. Ukiwa hai unalipa, ukifa unyamaziwe."

Nikamuuliza, kisiwa hakitoki kikawekwa pengine? Hata kwenye sidii? Kajaribu kunieleza kwa huruma. Kinakaa kwenye mashine za kampuni, huko huko kwao. Mimi naweza kupiga picha tu.

Akataka kunisindikiza kwa mwavuli. Nikamwambia nshalowa, haina haja.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwambia Kheir.

Nilikaa naye gatini kwanza. Yeye alikuwa akijisifu, kajenga banda la kuku bila msaada wangu. Niliandika barua yote kichwani, nikaipunguza, kwa sababu ya zile herufi. Ikabaki hii: Mimi si Faizal. Faizal alifariki tarehe nne Machi. Mimi ni dada yake, Kaniz. Nisamehe. Tarehe kumi saa sita mchana kisiwa kitafungwa.

Shati jekundu likasimama. Nadhani aliiweka pedi chini.

Kuku wanapita katikati yetu.

Kisha: Siku kumi na tatu nasema na nani?

Nikaandika, na mimi.

Akasema: Nimekueleza mambo yake. Nimekwambia siri yake. Yeye hakutaka ujue. Umenifanya nimsaliti maiti.

Nikaanza kutafuta herufi za nisamehe tena. Nilipofika S, katoka.

Jumamosi, 3 Mei

Hakuja.

Jumapili, 4 Mei

Hakuja. Nimekaa gatini saa mbili nzima. Nimejifunza kupika uji humo ndani. Kijana anakula peke yake kwenye meza, nami nakula huku, tumeelekeana.

Jumanne, 6 Mei

Nimewaandikia kampuni tena. Kwamba kisiwa hakikujengwa na marehemu peke yake, kuna mwenzake, yuko hai, miaka sita ya kazi yake imo humo. Je, na yeye hana haki?

Wamejibu upesi. Barua ile ile. Rambirambi ile ile, hata jina wamekosea pale pale walipokosea mara ya kwanza.

Kheir hakuja.

Alhamisi, 8 Mei

Umeme umekatika asubuhi, umerudi adhuhuri. Nilikimbilia mashine kabla ya kutazama friji! Hakuna ujumbe.

Sultana kaniletea fomu za Kanada kwa barua pepe. Kurasa kumi na moja. Swali la sita: Unaishi na nani kwa sasa? Nimeiacha hapo.

Nimempigia lakini. Tumesema juu ya Faizal kwa saa nzima, mara ya kwanza tangu mazishi. Kumbe alikuwa akimwandikia Sultana habari zangu kila Ijumaa. Kaniz kakata nywele. Kaniz kamgombeza muuza ndizi Darajani, alikuwa na haki. Sultana anazo zote. Kasema atanisomea nikitaka. Nikamwambia bado.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepiga picha kila chumba kwa simu. Zimetoka mbaya, mistari mistari, na mimi naonekana kwenye kioo cha TV nimeshika simu.

Katika picha nzima ya nyumba yake mimi ndiye kivuli.

Hakuja.

Jumamosi, 10 Mei

Saa nne. Mvua imeacha. Nimewasha mashine mapema. Nimeoga, nimevaa kanga ile ya zambarau, sijui kwa nini, nani ananiona?

Juu kwenye kioo cha TV kuna kisaa kidogo, wamekiweka kampuni wenyewe. Kinarudi nyuma.

Saa nne na nusu. Nimempeleka kijana wa kofia kila mahali. Nimempandisha ngazi mara tatu. Nimemfungulia madirisha yote.

Saa tano na robo. Mlio! Kheir yuko gatini, anaomba kuingia. Hii ni saa yake ya kazi. Nimebonyeza haraka mpaka pedi ikaniponyoka.

Kaingia. Hakusalimu. Hakunirukia. Kanipita, kaenda moja kwa moja kondeni, kachukua jembe, anachimba.

Nimemwandikia, Kheir, leo umeacha kazi?

Anachimba mstari mrefu, kutoka ukutani mpaka kwenye minazi.

Saa tano na nusu. Anatia mbegu. Nimesogea karibu kutazama — ni mikarafuu! Humo mkarafuu hukaa siku nane kabla ya kuchomoza, Faizal kaandika hivyo kwenye kibao kwa mkono wake. Nimemkumbusha: saa sita kinafungwa, Kheir. Zimebaki dakika ishirini na sita. Hazitaota.

Kaandika: Najua.

Basi. Neno hilo tu. Na anaendelea. Anatia mbegu, anafukia, anasogea hatua moja. Sijui kama kanisamehe. Sijui kama kaja kwangu au kaja kwa Faizal. Sitaki kuuliza, asije akaondoka.

Naandika haya nimeweka daftari pajani, pedi kwenye mkono wa kiti.

Saa sita kasoro dakika kumi na moja. Kafika mwisho wa mstari. Kasimama, kalitupa jembe, kageuka upande wangu. Mara ya kwanza tangu aingie.

Anaandika. Yamepanda maneno:

Bi Kaniz, lete maji.